Mashati ya Waume za Watu

Jani la mgomba likipitiwa na pasi ya moto lina harufu yake. Si ya chakula, wala si ya kitu kilichoungua. Ni kama nyasi zilizonyeshewa halafu jua likawaka ghafla, na ndani yake mna moshi kidogo wa makaa na lile joto la kitambaa cha pamba kilichotiwa wanga. Mama alikuwa akiisugua pasi juu ya jani hilo kabla ya kugusa nguo yoyote, ili masizi yatoke na chuma kiteleze. Majani niliyaokota mimi, kule sokoni walikokuwa wakishusha ndizi, nikayabeba kichwani mpaka kwetu, upande wa Makadara, kwenye zile nyumba za kaunsili ambazo kila jamaa ilipewa chumba kimoja na bomba lilikuwa la wote. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, na mimi nilikuwa nang'oka meno ya mbele.

Hatukuwa tumekuja kukaa. Hilo nataka lieleweke mapema. Siku hizo mwanamke wa Ukambani mwenye mume Nairobi alikuja mjini baada ya mavuno, akakaa kidogo, na mvua ikianza kunukia akarudi kulima. Baba aliendesha lori la unga. Kabla ya msimu ule nilimjua kama mgeni wa Krismasi, mtu wa kuletewa kiti kizuri na maji ya kunawa, anayebeba mkate na kuondoka kabla hujazoea sauti yake. Mwaka huo mavuno yalikuwa haba, kwa hiyo tulikuja mapema, na nikagundua kwamba Baba hucheka akila, kwamba hulala ubavu mmoja, kwamba huongea na viatu vyake akivipiga rangi. Nilitaka tusirudi. Mama naye alitaka hivyo hivyo, ila hakulisema kwa mdomo. Alilisema kwa kutafuta kazi.

Jirani yetu Kioko alikuwa karani, kijana asiye na mke, na kila asubuhi alitoka na shati lililokunjamana kama karatasi iliyookotwa. Mama alimtazama siku kadhaa, kisha akamwita. "Kioko, hebu vua hilo shati. Unatutia aibu sisi watu wa nyumbani." Alikuwa amejifunza kupiga pasi kwa mke wa mwalimu mmoja kule kwetu, na pasi ya Baba ilikuwa chini ya kitanda, ile ya makaa yenye jogoo mdogo wa chuma mbele. Shati la kwanza hakulitoza chochote. Kioko aliporudi kazini jioni ile alikuwa ameshaulizwa na makarani wenzake ameoa lini. Juma lililofuata alileta furushi, mashati yake na ya wenzake, na malipo yao mkononi. Watu wa siku hizi wanasema huko ni kutafuta wateja. Mama hakujua neno hilo. Alijua tu kwamba shati linatembea mjini kutwa nzima na watu wanalitazama.

Sitaki kudanganya mtu kwamba ilikuwa kazi rahisi. Makaa yakipoa ulikamata pasi ukaipunga hewani mpaka yaamke, na cheche moja ikiruka umeharibu kola ya mtu. Kitambaa kikikauka sana hakinyooki, kwa hiyo Mama alijaza maji mdomoni, akabana midomo na kuyapuliza juu ya shati, yakashuka laini kama umande. Ndivyo alivyofundishwa, na kwetu hakuna aliyeona ajabu. Alifanya yote hayo ndani, mlango umerudishwa, kwa kuogopa askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji wanaokamata wenye biashara bila leseni, na kwa sababu Baba hakupenda majirani wajue. Mashati yaliyokuwa tayari yaliangikwa kwenye kamba juu ya kitanda, nami nikilala chini yake niliwaona wanaume wasio na vichwa wakinipungia mikono kila upepo ukiingia. Na kwa sababu nguo hushika harufu, kitunguu kilipigwa marufuku chumbani kwetu. Tulikula vya kuchemsha tu. "Nakula kama mgonjwa wa hospitali," Baba alilalamika, "kwa ajili ya mashati ya watu." Lakini alikula, na alicheka.

Mambo yaliharibika siku Mama Zaituni alipokuja kuomba kaa la moto. Huyu alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika mpaka bombani bila kuinuka, na alikuwa na mtoto mchanga. Alisema hodi huku akisukuma mlango. Mama alikuwa ameinama mezani, mashavu yamejaa, akipuliza maji juu ya shati jeupe. Mama Zaituni akaliangalia shati, akasogea, akageuza kifungo cha juu. Kilishonwa kwa uzi wa kijani. Alikishona yeye mwenyewe.

"Hili ni la Baba Zaituni!" akasema. "Shati la mume wangu, na wewe unalitemea mate?"

Mama alikuwa na maji mdomoni. Alimeza kwanza, na kule kumeza kukaonekana kama kwa mtu aliyekamatwa.

"Kioko ndiye aliyelileta," Mama akasema. "Sikujua ni la nani."

"Hukujua! Mate yako yanakaa mgongoni mwa mume wangu kutwa nzima, yanachanganyika na jasho lake, na hukujua! Huo ni uchawi au ni nini, Mama Mbithe?"

Kufikia hapo bomba lote lilikuwa mlangoni kwetu na ndoo zao. Mmoja akasema pembeni, "Ndiyo maana siku hizi Baba Zaituni anatembea kifua mbele," na wenzake wakaangua kicheko. Mama Zaituni alilinyakua shati likiwa bichi upande mmoja, akaondoka nalo. Baadaye tulisikia kwamba mumewe alimpa Kioko lile shati kisirisiri ili asimsumbue mkewe aliyetoka kuzaa. Alidhani anamhurumia. Wanaume wana namna yao ya kuhurumia.

Baba aliambiwa na wanaume wenzake kabla hajafika nyumbani. Hakupiga kelele. Aliketi, akafungua viatu, akasema, "Jumamosi mnapanda basi. Mvua imekaribia hata hivyo." Mama akasema, "Sawa." Ni hivyo tu. Nilikuwa nimekaa kitandani chini ya yale mashati, na niliona ile sauti niliyokuwa nimeanza kuizoea ikirudi kuwa sauti ya mgeni. Nilijua basi lile. Nilijua jinsi Nairobi inavyopungua dirishani, na jinsi Krismasi ilivyo mbali ukiihesabu kwa kulima.

Kesho yake Mama alitafuta kopo tupu la maziwa, akalitoboa chini kwa msumari na jiwe, tundu ndogo ndogo, akalijaribu kwa maji mpaka yakashuka alivyotaka. Kisha akatia makaa kwenye pasi, akanishika mkono, tukaenda mlango wa tatu. Nilitegemea watapigana. Mama akasema, "Nimekuja kumalizia lile shati. Hapa kwako, mezani kwako, ukiwa umekaa unaniona. Ukiona kitu usichokipenda niambie." Mama Zaituni hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alikuwa ananyonyesha. Mama akatandika blanketi, akanyunyiza maji kwa kopo, akalipiga lile shati polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya, mikono, mabega, kola, upande wa vifungo. Halafu, bila kuulizwa, akachukua nepi zilizokuwa zimerundikwa kitini akazinyoosha moja moja. Mtoto akalala. Mama Zaituni akamlaza, akaenda kuchemsha chai. Tulikunywa. Alichosema tu wakati tunatoka ni, "Kumbe kopo linatosha."

Jumamosi ikafika. Mfuko wetu ulikuwa umefungwa, umewekwa juu ya meza ile ile ya kupigia pasi, na Mama alinivika sweta ijapokuwa kulikuwa na joto, kwa sababu mfuko haukuwa na nafasi. Baba alikuwa amevaa nguo za kazi, atupeleke stendi kwanza kisha aende kazini. Tukasikia hodi. Mama Zaituni alikuwa mlangoni na furushi kubwa lililofungwa kwa leso.

"Baba Mbithe, mkeo nimemkuta? Nimeleta kanzu. Hizi ni za nyumbani kwangu, hizi za shemeji zangu, na hii ni ya baba mkwe, hiyo muiangalie sana, mzee ana maneno."

"Mama Mbithe anasafiri," Baba akasema.

"Anasafiri! Anasafiri kwenda wapi na Idi ni keshokutwa?"

"Nyumbani. Kulima."

"Ardhi itakimbia?" Akaingia, akauona mfuko mezani, akauweka sakafuni bila kuomba ruhusa, akatua furushi lake mahali pake. "Wewe ungeona aibu, Baba Mbithe, mtaa mzima wa Waislamu uende kuswali umekunjamana kwa sababu yako."

Baba alitazama kanzu, akamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama sakafu, lakini mkono wake ulikuwa umeanza kunivua sweta. Baba akakohoa. Kisha akalihamishia lile furushi kitandani, akaikamata meza, akaipitisha mlangoni kwa ubavu mpaka nje, akaiweka pale penye jua, karibu na bomba. "Kama ni kazi, ifanyiwe hapa," akasema kwa sauti ili wenye ndoo wasikie. "Mashati ya waume za watu yapigwe pasi nje, kila mwenye mume aone." Akavaa kofia, akaenda kazini peke yake. Basi liliondoka bila sisi. Mvua ikanyesha, na Mama akamwomba nyanya yangu kule kijijini atafute wa kulima.

Nikiulizwa biashara ile ilikua lini, nasema ni siku meza ilipotoka nje. Ndani tulikuwa na mashati ya Kioko. Nje, kila aliyekuja kuteka maji alisimama, akaona, akarudi na nguo. Wa kanjo alipokuja, ni Mama Zaituni aliyepaza sauti, na meza ikarudi ndani kwa mikono ya watu wengi. Jioni Baba alirudi na unga kwenye nyusi, akaketi kwenye jiwe kando ya meza, akawa anampungia Mama pasi makaa yaamke, na wakazungumza. Sikuwahi kuwasikia wazazi wangu wakizungumza hivyo, maneno madogo madogo yasiyo na shughuli. Nilikaa chini ya meza, joto la pasi likishuka kupitia mbao, nikasikiliza.

Hayakudumu. Kazi ilizidi, ikaja pasi ya pili, kisha kibanda cha kukodi barabarani, na Mama akawa anatoka kabla Baba hajaamka. Mimi shule niliiacha darasa la tano, mikono ilipopungua. Sikulia wakati ule na silii sasa. Kibanda kilisomesha wadogo zangu waliozaliwa baadaye na kikanizalia duka nililo nalo leo mtaani Mowlem, lenye pasi za umeme na vijana wa kuzishika, na nguo zinazoletwa na bodaboda bila mimi kumwona mwenyewe. Nashukuru. Lakini ile miezi ya katikati, tangu Idi mpaka pasi ya pili, sijawahi kuipata tena mahali popote, na nimeitafuta.

Majuzi mjukuu wangu Mutuku alikuja kuniuliza namna ya kuanzisha duka kama hili kule Nakuru. Nikamwambia ninayoyajua. Usipokee nguo ambazo hutazimaliza. Anayekufokea mbele ya watu usimkimbie, mfuate kwake. Fanya kazi mahali unapoonekana. Akawa ananirekodi kwa simu, akiitikia kwa kichwa.

"Na mkeo na mtoto?" nikamuuliza.

"Watabaki hapa kwanza, shosho, mpaka biashara isimame. Huko nimepata chumba kimoja tu."

"Kitanda kinaingia?" nikamuuliza.

"Kinaingia, shosho, lakini hapabaki nafasi."

"Basi panatosha," nikamwambia. "Nenda nao."