Wageni wa Ate Mining

Mimi nina mdomo, najijua. Mwaka wa kumi na nne huu nakaa mapokezi, jengo la ghorofa arobaini na mbili hapa mjini Mandaluyong, na mdomo huu umewanyoosha wengi: wenye kuegesha gari mahali pa mwenzao, wenye kuleta vimada na kuwaita mabinamu, hata wakili mmoja wa ghorofa ya arobaini aliyetaka nimbebee viatu vyake vya tenisi. Lakini kwa Ate Mining mdomo wangu hujifunga wenyewe. Yule namshukuru, na nikianza kumshukuru sijui pa kuishia.

Jina lake la ubatizo ni Iluminada; Ate kwetu ni dada mkubwa, tunamwita kwa heshima. Mtu wa kisiwa cha Leyte, mfupi, mwembamba, anatembea mbiombio kama aliyeacha sufuria motoni. Ndiye mfanyakazi wa ndani wa Madam Ongkiko wa 29C, tangu jengo lingali linanuka rangi, miaka ishirini na sita sasa. Mwaka nilipougua homa ya dengi nikarudi kazini mifupa mitupu, aliniletea mchuzi wa kuku na tangawizi kila saa sita mchana, wiki tatu mfululizo. Hakuna aliyemtuma. "Kula, Dading," aliniambia. "Ukifa wewe, nani atawafokea hawa watu?"

Mchuzi ule aliushusha kwa lifti ya mizigo. Maana jengo letu lina kila kitu. Ghorofa ya sita peke yake ina bwawa la kuogelea, jimu, chumba cha sinema, bustani yenye maua hata mwezi wa joto kali, na chumba cha sherehe cha vioo vitupu. Na lina sheria. Wafanyakazi wa ndani wapande kwa lifti ya mizigo. Bwawani wakae na sare zao, washike taulo za watoto, mguu usiguse maji. Na aliyekuwa akiwakumbusha sheria hizo ni nani? Ni mimi huyu huyu. Usinitazame hivyo, ndiyo kazi iliyokuwa ikinilisha.

Sasa, kimbunga kile kikubwa kilipopiga Leyte, bahari ilipanda ikachukua nyumba ya kina Mining pamoja na dada yake. Ikamwachia mtoto wa dada, Marivel, miaka kumi na mmoja. Ate Mining akamweka bweni kwa masista huko Lipa, mkoa wa Batangas, akamsomesha kwa mshahara wa kufua na kupika mpaka mtoto akawa mkunga. Siku Marivel alipofaulu mtihani wa serikali, Ate Mining alishuka mapokezi akanikumbatia, mikono yake bado ina povu la sabuni. Nililia, nakwambia. Mimi, ambaye hata msibani hutumwa kuhesabu viti.

Huko huko Lipa Marivel akapata mchumba, Selmo, mtoto wa wakulima wa kahawa. Kijana mzuri, masikio makubwa, heshima tele. Ila kwetu kijana haji kuposa peke yake. Wazee wake ndio wanaopanda ngazi nyumbani kwa msichana, wamebeba chakula kimeshapikwa. Wanakaribishwa, wanaomba, wanakula. Watu wa Batangas mila hii wameishika kwa meno. Na katika ukoo wa Selmo mwenye neno la mwisho ni babu yake, Lolo Gorio, mzee wa miaka themanini na mitatu. Akatuma ujumbe: Jumapili ya pili ya Mei tunakuja. Nyumbani kwenu ni wapi?

Ate Mining alinishukia uso umempauka.

"Dading, nimekwisha."

"Umekwisha nini tena? Nani kafa?"

"Wanauliza nyumbani. Niwaambie wapi, baharini?"

"Si uwapokee kwa Madam, kule juu?"

"Madam mwenyewe amenipa sebule. Nimekataa. Wataona piano na mazulia, wadhani ni kwangu. Nianze undugu na watu kwa uongo?"

"Basi mwambie mzee huna nyumba. Atafanyaje?"

"Asipopata pa kupanda, hatatoa baraka. Na Marivel ameapa, bila baraka za yule mzee haolewi. Anasema tangu mama yake afe hajawa na ukoo, na huu hataki kuuingia kwa dirisha." Akajifuta macho kwa aproni. "Furaha ya mtoto itavunjika kwa sababu yangu, Dading. Kwa sababu mimi sina kwangu."

Hapo kiherehere kikanipanda. Nikamwambia, niachie mimi. Nikachukua fomu, Madam Ongkiko akatia sahihi, nikamhifadhia Ate Mining chumba cha sherehe cha ghorofa ya sita. Viti vyeupe, kiyoyozi, bwawa linaonekana. Nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe nimeiharibu.

Jumapili ikafika. Jipi ya abiria ya kukodi ikasimama mlangoni kwetu, kwenye marumaru, ikashusha watu kumi na wanane. Mbele Lolo Gorio, amevaa barong, shati jeupe la sherehe lililopigwa pasi likasimama lenyewe, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nyuma shangazi, wajomba, vyungu vya mchuzi wa mbuzi, wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba, gunia la kahawa, na kuku wawili hai. Nestor, mlinzi wetu, akaanza: kitambulisho, kitambulisho, saini hapa, vyungu vipite lifti ya mizigo.

"Na hao kuku hawaruhusiwi," akasema. "Mnyama wa kufugwa lazima awe na cheti cha chanjo."

"Cheti?" akauliza shangazi mmoja mnene aliyewashika kuku miguu. "Baba, huyu kesho ni supu! Chanjo ya nini?"

Nikawapitisha. Tukapanda mafungu mafungu mpaka ghorofa ya sita. Ate Mining alikuwa mlangoni, nguo yake ya kanisani, Marivel kando yake. Marivel akaushika mkono wa mzee, akauweka kwenye paji la uso wake. Lolo Gorio akambariki, akaingia, akasimama katikati ya chumba. Hakukaa. Akatazama viti vyeupe. Akatazama kioo, na ng'ambo ya kioo mpangaji mmoja kalala chali kwenye kiti cha bwawani, kachupi kadogo, tumbo juani. Yule bwana akatupungia mkono. Kisha mzee akasoma karatasi mlangoni.

"Hapa wameandika 29C, saa tano mpaka saa tisa. Ikifika saa tisa?"

Mimi, mjinga, nikajibu, "Saa tisa inabidi tuwe tumetoka, Lolo. Kuna sherehe ya kuzaliwa."

"Ya nani?"

Nikajaribu kumeza jibu, likakataa. "Ya mbwa, Lolo. Wa ghorofa ya thelathini na tatu."

Kuku mmoja akalia.

"Kumbe hii si nyumba," akasema mzee taratibu. "Ni ukumbi wa zamu. Sisi, halafu mbwa." Akavaa kofia yake tena. "Nimewaposea watoto sita na wajukuu tisa. Nimepanda kwenye nyumba za nyasi, nimepanda kwenye nyumba iliyoungua nusu. Sijawahi kufichwa nyumba. Anayenificha mlango wake leo, kesho atanificha nini? Selmo, chukua chungu."

Jamani! Marivel alikuwa mweupe kama viti vile, machozi yanashuka tu. Selmo kasimama kati ya babu na mchumba, hajui aangalie wapi. Nikataka kusema kosa ni langu, mdomo uliozoea kusema ukagoma. Ate Mining akapita mbele yangu.

"Lolo, sikukuficha mlango. Niliona aibu," akasema. "Nyumba yetu ilichukuliwa na bahari, pamoja na mama wa huyu mtoto. Nyingine sijapata. Mimi ni mfanyakazi wa ndani. Ukasirike na mimi, yeye hana kosa."

"Unalala wapi, mama?"

"Juu, 29C. Kachumba nyuma ya jiko la watu."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

Mzee akamwonyesha Marivel kwa fimbo.

"Na kumsomesha huyu binti ulimsomesha ukilala humo?"

"Humo."

"Basi tulipotea njia," akasema. "Tupeleke."

Ndipo sauti ikanirudi. "Lolo, mko kumi na wanane! Chumba kile hakina hata dirisha, ukifungua mlango unagonga kitanda!"

"Binti, nimekuuliza ukubwa wake?"

Sikubisha tena. Nikaita lifti kuu, ile ya vioo na harufu ya maua, nikawaingiza wote kwa mafungu, Ate Mining mbele, vyungu, gunia, kuku. Redio yangu ikalia. "Dading! Kuku wako kwenye lifti kuu!" Nestor huyo. Nikaizima. Sheria nilizowasomea wenzangu miaka yote ile, siku hiyo nilizivunja moja moja, na kwa raha zangu.

Juu, Madam Ongkiko akatufungulia. Bibi wa miaka themanini na mmoja, mwalimu wa hesabu mstaafu, mkali kama pilipili. Akaona umati, akaniangalia, nikamnong'oneza. Akasogea pembeni. Ate Mining akakimbia kupita jikoni, akajifungia ndani ya kachumba chake, tukamsikia anakunja meza ya pasi, anasukuma maboksi. Lolo Gorio akapita sebuleni, akapita piano, hakugeuza hata shingo. Akafika jikoni, mbele ya ule mlango mwembamba kando ya friji. Akavua kofia. Akajipangusa viatu pasipo na zulia la kujipangusia.

"Hodi," akasema.

Ndani, vishindo vya maboksi vikakoma.

Mlango ule naujua. Huitwa kwa mbali: Mining, kahawa! Mining, simu! Mimi mwenyewe nimeupigia kelele mara ngapi? Hodi haujawahi kupigwa, si na Madam, si na mimi, si na mtu yeyote.

"Hodi humu ndani!" akarudia mzee, kwa sauti ya mtu aliye tayari kungoja.

"Karibu," ikatoka sauti ndogo. Kisha kubwa zaidi: "Karibuni! Karibuni ndani!"

Akafungua. Kitanda kimoja, picha ya Bikira Maria, picha ya Marivel na sare yake ya ukunga, na juu ya kabati mti wa Krismasi wa Madam umefungwa kwa nailoni. Lolo Gorio akakaa kitandani, mama yake Selmo kando yake, magoti yao yanagusa ukuta. Marivel na Selmo wakajibana kando ya meza ya pasi. Waliobaki wakajipanga foleni kupitia jikoni, sebuleni, mpaka nje kwenye lifti, wakipokezana maneno: anasema nini? Amekaa! Amekaa wapi? Kitandani, kuna kitanda!

Madam Ongkiko alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, nyuma ya shangazi mwenye kuku. Shangazi akamgeukia.

"Na wewe mama, ni wa upande gani?"

Madam akaangalia jiko lake, akaangalia ule mlango uliojaa watu.

"Mimi ni jirani," akasema.

Shangazi akamkabidhi kuku mmoja amshikie. Madam akamshika.

Ndani, Lolo Gorio alijikohoza. "Mwenye nyumba," akaanza.

Ate Mining akageuka nyuma kutazama anayeitwa. Nyuma kulikuwa na ukuta.

"Wewe, mama. Mwenye nyumba, tumepanda kwako. Tumeona ua humu ndani, tumelipenda, tumekuja kuliomba. Tunakushukuru kwa kulilea. Unatupa, au hutupi?"

Nilikuwa nimebanwa kwenye friji, pua yangu ipo mlangoni kabisa, kwa hiyo nilimwona vizuri. Alilia kwanza, kisha akacheka, kisha akajinyoosha, na Ate Mining akijinyoosha si mfupi hivyo.

"Asante kwa kubisha hodi, baba," akasema. "Nawapa. Ni mchapakazi, ni mkaidi kidogo asubuhi, mumvumilie." Akaweka kiganja chake juu ya kitanda, kwenye shuka. "Ila siku mkimchoka, msimtupe. Mrudisheni hapa. Ana kwao."