Vishikwambi vya Kabatini

Tabea Sumari, afisa wa TEHAMA katika idara ya elimu wilayani, alijivunia kitu kimoja: kugawa kwa haki. Vishikwambi vya wanafunzi vilipofika, alivigawa kwa kuangalia idadi ya watoto na hali ya umeme, basi. Hata shule aliyosoma yeye mwenyewe, kule migombani Meru, ilingoja zamu yake, na shangazi zake wakamnunia kanisani.

Kwa hiyo bosi wake aliposema kwamba shule moja ya Kisongo haijavigusa, na kwamba vitahamishiwa shule ya mjini iliyochangamka, Tabea alichemka. Watoto wa wafugaji wanyang'anywe hata hivi? Aliomba aende kwanza akaone.

Mwalimu mkuu, Mzee Lemayian, alimkaribisha kwa chai ya maziwa.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, Madam. Vishikwambi vyako viko salama kabisa!”

Akafungua kabati la chuma. Vilikuwa vimepangwa vizuri, kila kimoja na nailoni yake, juu vimefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Tabea alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda.

“Sasa mwalimu, watoto wanajifunzia nini?”

“Madam, hii ni mali ya serikali. Kikipasuka kimoja naulizwa mimi. Mwakani nastaafu. Nistaafu na kesi ya kioo?”

Roho ilimuuma Tabea. Katika mpango wake wote alifikiria umeme, madarasa na mafunzo ya walimu. Woga hakuufikiria. Na maneno matamu ya maofisa mzee huyu alishayasikia kabla Tabea hajazaliwa.

Akatoa kishikwambi chake cha kazi, chenye nembo ileile ya serikali, akakiachia sakafuni. Kikapasuka kioo.

“Uuui!” Lemayian akashika kichwa.

“Cha kwanza kupasuka wilaya nzima ni changu,” Tabea akasema. “Wakiuliza, waanze na mimi. Vyako vikipasuka darasani, nipigie, nitasema vilikuwa kazini.”

Mzee alimtazama, kisha akacheka mpaka chai ikamwagika. Siku hiyohiyo vishikwambi viliingia darasani. Bosi alimgombeza Tabea kweli kweli kwa kile kioo, lakini akakubali vibaki Kisongo.

Wiki iliyofuata simu ikaita.

“Madam, kimoja kimepasuka.”

“Pole, mwalimu. Kimepasuliwa na mtoto gani?”

Lemayian akakohoa kidogo.

“Ni mimi. Watoto walikuwa wananifundisha.”