Mwaka Nilipokonda

Mume wangu alifariki baada ya kukohoa miezi minne, na mwaka uliofuata nikanenepa. Nilikuwa fundi wa nguo Kitengela. Kibanda changu cha mabati kilikuwa karibu na barabara ya Namanga, na kutwa nzima nilikaa kwenye cherehani nikishona sare za shule. Binti yetu wa pekee alikuwa bweni, kidato cha pili. Jioni nilifunga kibanda, nikaenda kwenye chumba changu cha kupanga, nikapika chakula cha watu watatu kwa sababu mkono haukujua kupika cha mtu mmoja. Kisha nikakila chote.

Wateja walinisifu. "Mama fundi, siku hizi unapendeza!" Nilicheka nao. Hakuna aliyeuona ule mwili kama ugonjwa, hata mimi.

Januari miguu ilianza kuvimba. Nikaenda hospitali kule Kajiado mjini, ambako muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alinipima presha mara mbili kama haamini. Akanipandisha kwenye mizani. Kilo tisini na sita.

"Mama, unakula nini?"

"Chakula cha kawaida tu."

Akafungua droo, akanipa daftari la shule, jembamba, la mistari. "Basi nenda uniandikie hiyo kawaida. Kila kitu, hata peremende. Na utembee kila siku. Mwezi ujao utaniletea."

Niliona kama ananichukulia mtoto, lakini niliandika. Jumatatu: chai vikombe vitatu, sukari vijiko vinne kila kikombe, mkate nusu. Saa nne: mandazi matatu. Mchana: chapati nne na maharagwe. Jioni nilijaza ukurasa mzima. Sikushtushwa na chapati. Kilichonishtua ni kwamba nilipousoma ule ukurasa nilikumbuka kila tonge, lakini sikuweza kukumbuka kama kuna mtu nilikuwa nimezungumza naye tangu asubuhi, ukiondoa kuuliza, "Sketi iwe ndefu au fupi?"

Mwezi uliofuata muuguzi alisoma daftari lote, akipiga mstari hapa na pale. Hakunigombeza. "Sukari, kijiko kimoja," alisema. "Chapati, Jumapili. Sukuma wiki kula mpaka uchoke. Na sufuria hiyo unayopikia, tafuta ndogo."

Nilinunua sufuria ndogo siku hiyohiyo. Kuitazama kwenye jiko kulinitia uchungu ambao sikuutarajia. Nililia, kisha nikapika.

Nilianza kutembea alfajiri, kabla ya kufungua kibanda, kwenye njia za ng'ombe upande wa mbugani. Enzi hizo nyua zilikuwa chache, na ukitoka nyuma ya nyumba za mwisho ulikutana na pundamilia wakila nyasi. Nilivaa raba za mtumba na sketi. Machi mvua iliponyesha, ule udongo mweusi ulinata kwenye raba mpaka nikawa nabeba shamba zima miguuni. Lakini ilipokauka niligundua naweza kukimbia kutoka mgunga mmoja hadi mwingine, kisha miwili, kisha nikaacha kuhesabu.

Kila asubuhi nilikutana na mama mmoja wa Kimaasai akipeleka maziwa mjini. Siku ya kwanza aliponiona nakimbia alisimama, akaweka mtungi chini, akatazama nyuma yangu.

"Nani anakufuata?"

"Hakuna, mama. Nafanya mazoezi."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Basi pole," akasema, akabeba mtungi wake akaenda. Tangu siku hiyo alinisalimia kwa mbali, "Takwenya!" nami nikamjibu, "Iko!" bila kusimama. Mara nyingi hiyo ndiyo salamu pekee niliyopata mpaka saa tatu.

Juni gari la kipaza sauti lilipita likitangaza mbio za kilomita kumi mjini Kajiado, za kuchangia ujenzi wa wadi. Nilijiandikisha. Vijana waliondoka kama wamefukuzwa, na kufikia kilomita ya tatu nilikuwa peke yangu barabarani, nyuma yangu ni pikapu iliyokuwa ikiokota waliochoka. Ilinifuata polepole kwa karibu saa nzima. Dereva alitoa kichwa. "Mama, panda tu. Hata sisi tunataka kwenda nyumbani."

"Nendeni," nikamwambia. "Njia naijua."

Hawakwenda, na mimi sikupanda. Nilipofika uwanjani walikuwa wanabeba viti. Mwanamume aliyekuwa akikunja utepe wa mwisho aliniona, akaukunjua tena, akashika ncha moja na kumwita mwenzake ashike nyingine. Nikapita. Nilienda kwenye kibanda cha simu nikampigia dada yangu Machakos nimwambie.

"Kukimbia?" aliuliza. "Umepatwa na nini? Mjane anakimbia barabarani? Watu watasemaje?"

Watu walikuwa wameshaanza kusema. Mwezi wa saba mizani ilionyesha kilo sabini na tisa. Magauni yangu niliyapunguza mwenyewe, kila wiki sentimita mbili, na nikajivunia. Lakini Kitengela ya miaka ile hatukujua sababu nyingi za mwanamke kukonda, hasa aliyezika mume aliyekufa akikohoa. Wateja wakapungua. Jirani yangu wa mlango wa pili, aliyezoea kuja kunywa chai, akawa anasimama nje na kusema ana haraka. Jumapili moja akina mama watatu wa kanisa walikuja na unga na sukari, wakakaa ukingoni mwa kiti.

"Tumekuja kukuombea tu," alisema mkubwa wao.

"Niko sawa, mama. Nafanya mazoezi. Muuguzi amenipangia chakula."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, akinipapasa mkono. "Mungu anajua." Wakaomba kwa muda mrefu. Sukari waliyoleta sikuigusa.

Agosti binti yangu alifunga shule. Aliponiona mlangoni aliangusha sanduku. Hakunikumbatia. Siku mbili alinitazama nikila, na siku ya tatu, tukikunja nguo, akauliza bila kuinua uso, "Mama, na wewe umeshikwa na ile ya baba?"

Nilitaka kusema hapana. Nikagundua sijui. Mume wangu alikataa kupimwa, nami baada ya kumzika nilikataa hata kulifikiria. Miezi saba nilikuwa nimeandika kila punje iliyoingia mdomoni, lakini hilo sikuliandika popote.

Asubuhi iliyofuata tulienda Kajiado pamoja. Walitoa damu, wakasema nirudi baada ya wiki mbili. Binti alirudi shuleni kabla ya majibu. Wiki hizo mbili nilikimbia zaidi ya siku zote, asubuhi na jioni, kwa sababu nikikaa kwenye cherehani sindano ilinishinda. Sikuwa na mtu wa kumwambia ninachosubiri. Siku ya majibu muuguzi wangu wa daftari alifunga mlango, akanipa karatasi, na kabla sijaisoma akasema, "Huna." Nilimwomba anisemee tena. Akasema tena, kisha akakaa na mimi mpaka nikaweza kusimama.

Nilimwandikia binti siku hiyo. Alijibu kwa mistari miwili: amefurahi, na amelala vizuri kwa mara ya kwanza. Majirani sikuwaonyesha karatasi. Nilifikiria kuibandika kibandani kama leseni, kisha nikakataa. Kama hawakuamini mdomo wangu, karatasi wangesema nimeinunua.

Novemba nilikimbia mbio za kilomita ishirini na moja, nje kidogo ya Kitengela, jua kali, upepo wa mbele na vumbi. Kilomita ya kumi na sita nilitapika maji. Nilitembea hadi kilomita ya kumi na saba, nikakimbia tena. Safari hii nyuma yangu kulikuwa na watu wengi. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika hamsini, nikapewa ndizi na soda. Nikakaa kwenye nyasi kati ya familia za watu, kila mmoja na wa kumfuta jasho, nikala ndizi yangu polepole. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu nikiikumbuka inaonekana kama huzuni, na haikuwa.

Desemba jirani wa mlango wa pili alibisha. Mara hii aliingia, akakaa. "Tulikuwa tunangoja uanguke," alisema, akitazama sakafu. "Mwaka umeisha na wewe ndio unazidi kupata nguvu. Mimi pia niko na presha. Ulifanyaje?"

Nilimweleza yote, na asubuhi tukatoka pamoja. Alikuja siku nne, akiongea njia nzima, habari za watoto, za mume, za bei ya unga. Siku ya tano alisema kisigino kinamuuma, atakuja wiki ijayo. Nilingoja mlangoni pake wiki hiyo ijayo, Jumatatu na Jumanne. Jumatano sikungoja.