Sanduku Chini ya Shuka la Kijani

Juzi niliona hamali wawili wakipita mbele ya duka langu Mji wa Kale, mabegani wamebeba sanduku refu lililofunikwa shuka la kijani. Nikajiuliza ni nani aliyefariki mtaani nami sina habari. Kuuliza niliona haya, basi nikafunga duka nikaenda kutia bega. Maiti mwenyewe mwepesi ajabu. Nikaanzisha tahalili kwa sauti, na wenye maduka wakatoka, wakaitikia, wakapokezana kubeba. Hamali walifurahia msaada.

Kufika Makadara tukamkuta jirani yangu Athmani kando ya teksi, ameduwaa.

“Ahsante, Ami Bakari,” akasema polepole. “Lakini hiyo ni baiskeli yangu, yaenda uwanja wa ndege. Nimelifunika sanduku lisichubuke.”

Nikageuka. Nyuma yangu mtaa mzima ulikuwa umeinua mikono, wangoja niombe dua.