Siku Nilipomtafsiri Janeti

Aibu hii ningependa kuificha, lakini Rumonge nzima inaijua, basi afadhali muisikie kwangu. Janeti alirudi kutoka Tanzania na Kiingereza chake cha kambi ya wakimbizi, akaingia chama chetu cha akina mama tunaokausha ndagala, hawa dagaa wa ziwani, na kabla mwaka haujaisha kila mugeni akifika ni Janeti aitwe, Janeti akae mbele, Janeti apewe Fanta. Roho iliniuma (mimi niliyekianzisha chama sikuwahi kupewa hata maji). Nikajiandikisha kozi ya Kiingereza ya jioni, na mwalimu akatufundisha kuvunja maneno, kwamba mengi yana mizizi ya Kilatini: ukijua "port" ni kubeba, umepata export na transport bure, "val" ni thamani, na "in" mbele ya neno mara nyingi inakanusha. Nikaandika yote kwenye daftari, nikajiona nimefika.

Basi akaja mugeni kutoka Zambia, mununuzi wa samaki. Akasimama kwenye ukumbi wa kanisa, mama mukwe wa Janeti yuko mstari wa kwanza, akasema, "Janet is invaluable." Janeti, aliyekuwa anatafsiri, akainamisha macho akanyamaza, maana hakutaka kujisifu mwenyewe. Nikalivunja lile neno kichwani, in ni kukanusha, val ni thamani, na moyo ukaruka kwa furaha, nikainuka bila kuitwa.

"Mugeni anasema Janeti hana thamani yoyote."

Mugeni, ambaye hakuelewa kitu, akapiga makofi peke yake, akaninyooshea mkono kunishukuru. Mama mukwe akachukua mkoba wake akatoka. Ikabidi mwalimu wetu wa kozi, ambaye naye alikuja kumsikiliza mugeni, asimame kule nyuma, aeleze polepole kwamba kinachokanushwa pale ni kupimwa: thamani ya Janeti haipimiki. Watu wakaanza kucheka, na hawakuwa wanamcheka Janeti.

Kesho yake nilienda kwake kuomba radhi. Nikamwambia dada, lile neno sikulijua. Alikuwa anageuza ndagala kwenye chanja, na hakuacha kazi.

"Najua hukulijua," akasema. "Lakini nilikuangalia usoni. Ulifurahi."

Nikainama, tukageuza pamoja mpaka mwisho wa chanja. Kozi sijaiacha, ila nimejiapiza: nikiona tafsiri imenifurahisha sana, nafunga mdomo kwanza, namuuliza mutu.