Goti la Kaka Bahati

Ninyi vijana mtakaosoma, msiicheke hasira yangu. Jumamosi, kiwanjani Blacktown, huku ugenini tunakoishi, watu walimshangilia mjukuu wangu Amani kwa kurusha mpira wa besiboli, naye bega limemvimba. Harufu ya dawa ya kuchua aliyopakwa begani ikanirudisha Uvira, mji nilikokulia.

Kaka yangu Bahati alikuwa nyota wa kandanda mtaani kwetu. Goti lilimvimba, wakubwa wakalichua kwa dawa kama hiyo, wakasema, "Simama, simba wetu." Akaingia uwanjani, akafunga bao. Walipombeba mabegani alikuwa analia, nami nikapiga vigelegele, nikidhani ni furaha. Hakucheza tena.

Mwanangu, baba yake Amani, akaniambia, "Mama, imebaki mechi moja tu."

Nikawaambia wote nyumbani: glavu ya Amani ya kudakia mpira iko chini ya kitanda changu, asiiguse mtu mpaka daktari aseme.