Masanga ya Ndoa ya Colette

Micheline, unanisumbua tangu Pasaka. Mutu alisoma kwa masista miaka mbili tu, unamuwekea bic mbele: «Mama mukubwa, andika mama yangu alikuwa mutu gani.» Bon. Soma basi, lakini usinililie.

Colette, mudogo yangu, alikuwa anauza kwanga ya muhogo na samaki ya moshi kwa soko. Alicheka na kila mutu. Alipenda papa yako, Mbusa, mutu wa Butembo mwenye kuuza maharagi. Baba yetu alishakufa, donc neno ya familia ilikuwa yangu.

Mbusa alikuja na mbuzi na dame-jeanne ya masanga, chupa kubwa ya pombe. Nikamuambia: «Sisi watu wa Banalia hatutoe binti kwa mutu wa maharagi. Rudisha mbuzi yako.» Colette alisimama pale: «Yaya, mimi ninamutaka.» Mbusa akarudi mara ya pili, na Colette akasema vilevile. Sikumupa huyo bwana hata kiti. Colette akamufuata bila ndoa, akazaa Adeline, halafu wewe.

Ulikuwa hujatembea bado, homa ikamubeba Colette kwa siku tatu.

Kwetu, bwana asiyeleta mahari hazike bibi. Nikasimama mbele ya sanduku: «Hatoke hapa mpaka Mbusa amuoe.»

Chef wa quartier, mukubwa wa mtaa, akasema: «Citoyenne, jua iko kali, maiti haingoje.»

«Itangoja.»

Saa nane Mbusa akafika na mbuzi, na masanga. Kwa desturi, binti anaulizwa mbele ya wote: tunywe masanga ya huyu bwana? Akikubali, ndoa imefungwa. Nikainama, nikauliza Colette. Nikauliza tena. Nilifikiri kisha nitamujibia mimi mukubwa wake, kwa heshima yangu.

Adeline, miaka kumi na mbili, akasimama. «Mama mukubwa, unamuuliza nini? Alikuambia ndiyo mara mbili, akiwa muzima. Ni wewe ulikataa kunywa.»

Hakuna mutu alicheka. Afadhali wangecheka. Mbusa akajaza kikombe, akanipa kwa mikono mbili: «Kunywa, shemeji, tumuzike.» Nikanywa, watu wote wananiangalia, na sanduku ilikuwa imeshaanza kunuka. Mimi ndiye nilimufanya mudogo yangu anuke mbele ya watu.

Adeline alipoolewa kule Isangi, hakuniita. Sikumuomba pardon; nilisema ye ni mutoto, aanze ye. Sasa panda pirogue ya mutoni ya Jumatatu, umusomee hii yote, usiruke hata mustari moja. Na usirudi bila yeye.